Kisa cha Bonaire: kuchagua mahali pa kuzamia kwa kuangalia pa kutokea

## Usuli

Bonaire ni kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi, kaskazini ya pwani ya Venezuela. Wazamiaji wanakijua kwa jambo moja: huhitaji boti. Upande wa magharibi mwamba wa matumbawe uko karibu sana na nchi kavu. Unaegesha gari kando ya barabara, unajitwika mtungi, unaingia majini, na ukipiga mapezi dakika chache umefika kwenye ukingo. Mteremko unaanza kwenye kina cha mita 8 hadi 12 na kwenda chini kupita mita 30. Kila mahali pa kuingilia pana jiwe lililopakwa rangi ya njano na kuandikwa jina la mahali hapo. Bahari yote inayokizunguka kisiwa, kutoka maji yanapojaa hadi kina cha mita 60, ni hifadhi tangu 1979. Unalipa ada, unafanya mzamo wa kwanza wa kujipima kwenye maji mepesi, huvai glavu, na boti haitii nanga bali inafungwa kwenye boya.

Upepo ndio unaokigawa kisiwa. Pepo za biashara zinavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, mara nyingi kilomita 28 hadi 37 kwa saa. Pwani ya mashariki basi ndiyo joshi, inayopigwa na mawimbi mchana na usiku. Magharibi ni demani, imekingwa na kisiwa chenyewe, na huko ndiko yaliko karibu mawe yote ya njano. Maji kujaa na kupwa hakuna uzito: tofauti yake haifiki nusu mita, wakati Zanzibar au Mombasa siku za bamvua inapita mita 3. Mtu aliyezoea kupanga mzamo kwa jedwali la maji akifika Bonaire anajikuta hana cha kusoma.

Kundi tunalolichambua lilikuwa la watu sita wanaoishi Uholanzi, kwa siku saba za kuzamia mwezi Oktoba, na pikapu moja ya kukodi. Kiongozi alikuwa Mholanzi mwenye mizamo zaidi ya 400, aliyewahi kufika kisiwani mara mbili, zote mwezi Februari. Wawili walizaliwa pwani ya Afrika Mashariki na kujifunza Mnemba na Watamu. Kila mmoja alikuwa na mizamo 150 hivi, karibu yote ya boti. Kulikuwa na mume na mke waliozoea Bahari ya Shamu. Mke ana miaka 58 na goti lililowahi kufanyiwa upasuaji. Wa sita alikuwa kijana mwenye mizamo 9 na cheti kinachomruhusu kufika mita 18. Majina, mwaka na hoteli tumeviondoa.

## Mpango waliotoka nao nyumbani

Orodha yao ilipangwa kwa umaarufu. Siku ya pili, meli iliyozama ya Hilma Hooker. Siku ya tatu, Salt Pier, gati la kupakia chumvi. Ya nne, 1000 Steps na Karpata kaskazini. Ya tano, Klein Bonaire, kisiwa kidogo kisichokaliwa kilicho ng'ambo ya mji wa Kralendijk. Ya sita, Red Slave kwenye ncha ya kusini, karibu na vibanda vya mawe walimolala watumwa wa mashamba ya chumvi. Ya saba ilikuwa ya ziada.

Si orodha mbaya. Kila mahali pametajwa panastahili. Kasoro yake ni kwamba inaeleza utakachokiona chini, wala haigusi utakavyotoka. Pwani ya Bonaire ina milango ya aina tatu nne: gati lenye ngazi mbele ya hoteli, ufuo mdogo wa mchanga, ufuo wa vipande vya matumbawe yaliyokufa (vinateleza na kubiringika chini ya kiatu), na jabali la chokaa ambapo unaruka na kurudi kwa ngazi ya chuma. Mlango ambao ni mchezo bahari ikilala unaweza kuvunja mfupa bahari ikiamka.

## Yaliyotokea, siku baada ya siku

Siku ya kwanza walizamia mbele ya hoteli, kutokea gatini. Kijana alirudi na bar 40 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini) baada ya dakika 27, kina cha wastani mita 12. Mtungi ulikuwa wa kawaida wa kisiwani, alumini wa lita 11.1 uliojazwa bar 200. Ametumia bar 160, yaani lita 1,776. Gawa kwa dakika 27, kisha kwa shinikizo la 2.2 la kina hicho, unapata karibu lita 30 kwa dakika. Hiyo ni hewa ya mtu anayepigana na maji. Kiongozi alimtazama kiunoni: kilo 9 za risasi, yaani vizito vya kumzamisha, hesabu aliyoizoea akiwa na suti nene ya maziwa ya Uholanzi. Hapa alivaa suti ya milimita 3 kwenye maji ya nyuzi 28.

Walimpima upya jioni kwa mtungi uliobaki bar 50, na huo ndio wakati sahihi wa kupima, kwa sababu mtungi wa alumini ukikaribia kuisha unaelea na kukuvuta juu. Akiwa na kilo 6 aliweza kusimama mita 5 bila kupanda wala kuzama. Mzamo uliofuata alitumia bar 150 kwa dakika 36, kina kilekile: lita 21 kwa dakika. Kilo tatu tu.

Siku ya pili, Hilma Hooker. Meli hii ya urefu wa mita 72 ilizama 12 Septemba 1984, baada ya kukamatwa na shehena ya bangi. Imelala ubavuni kwenye mchanga kati ya miamba miwili. Sehemu yake ya juu iko mita 18, mchanga mita 30. Kiongozi aligawa kundi. Wanne wenye naitroksi ya asilimia 32 (hewa iliyoongezwa oksijeni) walishuka hadi mita 28. Kijana na mmoja wa wale wa pwani walibaki juu ya mita 18, wakaitazama meli kutoka juu, kisha wakarudi polepole kwenye mwamba wa ndani. Hakuna aliyeingia ndani ya meli. Kila kitu kilikwenda sawa.

Siku ya tatu walifika Salt Pier saa tatu asubuhi na kukuta meli ya chumvi imefungwa. Meli ikiwapo, kuzamia hapo ni marufuku. Waliendelea kusini hadi jiwe la Invisibles, wakazamia huko. Gati la chumvi linaonekana kutoka barabarani tangu mbali, na jana yake walizamia kaskazini kidogo ya hapo. Kama wangeuliza bandari itakuwaje kesho, wasingefika gatini bure.

Siku ya nne ndiyo kiini cha kisa.

Usiku upepo ulianguka. Asubuhi bendera za hoteli zilining'inia. Kiongozi alisema wamepata siku ya kioo, akawapeleka 1000 Steps. Jina ni la utani: ngazi hazifiki hata 80, ila ukizipanda na mtungi mgongoni utaapa kwamba ni elfu. Chini yake kuna ufuo mdogo wa vipande vya matumbawe chini ya jabali. Mlango ni mmoja. Kulia na kushoto ni ukuta wa mawe.

Walifika saa tatu na dakika arobaini. Walitazama bahari kutoka juu ya ngazi kwa dakika mbili, labda tatu. Juu yake palikuwa laini kama mafuta. Mmoja wa wale wa pwani alimwambia mwenzake kwa Kiswahili: "Kaka, upepo umekufa, lakini bahari inapumua." Mwenzake akajibu, "Naona. Labda huku ndivyo ilivyo." Wakashuka ngazi.

Saa nne na dakika tano waliingia, mawimbi yakifika magotini. Chini palikuwa pazuri, maji yanaonyesha mita 25. Walikwenda kaskazini kufuata mteremko, mita 18 kisha 14, wakageuka kijana alipofika bar 110. Dalili ya kwanza ilikuja kwenye kituo cha mita 5, pale wanaposimama kwa usalama kabla ya kujitokeza juu: vipepeo vya matumbawe laini vilikuwa vinalala upande mmoja, vinasimama, vinalala upande wa pili, na wao wenyewe wakisogezwa mita moja mbele na moja nyuma. Kuelekea ufuoni maji yalikuwa maziwa, mita 4 au 5 tu za kuona.

Saa nne na dakika arobaini walijitokeza juu. Mawimbi yalikuwa yanavunjika kiunoni juu ya vipande vya matumbawe.

Kiongozi aliwazuia nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, majaketi ya kuelea yakiwa yamejazwa hewa. Walitazama dakika saba. Mawimbi yalikuja kwa mafungu: makubwa manne au matano, kisha utulivu wa dakika moja hivi. Alitoa amri tatu. Miwani usoni na regaleta, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, mdomoni hadi nchi kavu. Mapezi miguuni hadi mikono iguse chini, kisha tambaa. Wawili wawili, katika utulivu tu. Wale wa pwani walitangulia ili wawapokee wengine. Kijana na kiongozi wakafuata, kijana akatambaa kama kasa anayepanda kutaga, akafika salama.

Mume na mke walikuwa wa mwisho. Mke, akihofia goti lake, alivua pezi la kwanza maji yakiwa kiunoni ili asimame. Wimbi la fungu lililofuata lilimpiga mgongoni. Pezi lilikwenda, mguu wa kushoto uliingia kati ya vipande viwili vikubwa, mwili ukageuka, kifundo kikabaki. Viatu vyake vilikuwa vya soli laini, kama soksi nene. Wale wa pwani walimfungulia jaketi na mtungi palepale kwenye povu, wakaviacha viende, wakamvuta yeye. Mtungi waliuokota baadaye.

Kumpandisha ngazi kulichukua dakika 25, akiwa amekaa, akijisukuma kipandio kimoja kimoja. Michubuko ya muundi ilioshwa kwa maji safi na sabuni na kuchokolewa vipande vya matumbawe. Michubuko ya namna hii isiposafishwa vizuri inaoza upesi kwenye joto. Hospitali ya Kralendijk ilipiga picha: mfupa mzima, kano zimevutika.

Siku ya tano kilichokuwa kimeanza kikadhihirika. Upepo ulivuma kutoka magharibi, boti zilihamishwa kutoka maboya yao kuingizwa bandarini, na safari ya Klein Bonaire ikafutwa. Demani ilikuwa imegeuka joshi. Kiongozi na wale wawili wa pwani waliomba nafasi kwenye boti ya wenyeji inayotoka ghuba ya Lac, upande wa mashariki, ambao siku za kawaida ni wa wenye uzoefu na siku kama hii ndio hulala. Nahodha aliukagua mlango wa ghuba kwanza, ndipo akakubali. Walifanya mzamo mmoja wa mita 18 na kuona kasa wengi na samaki aina ya taa. Kijana hakuchukuliwa, na hakubishana.

Siku ya sita upepo wa mashariki ulirudi. Red Slave ilifutwa. Badala yake walipita Salt Pier, gati likawa tupu, wakazamia kati ya nguzo zilizovikwa sponji za machungwa na njano. Maji yalikuwa bado yamechafuka kidogo. Kina hakikupita mita 13, na kijana alikaa dakika 52, mzamo wake mrefu kuliko yote. Siku ya saba walizamia mbele ya hoteli hadi saa tano asubuhi, wakaacha. Ndege ilikuwa kesho yake alasiri, na baada ya siku kadhaa za mizamo mfululizo kinachotakiwa ni angalau saa 18 juu ya maji kabla ya kuruka.

## Maamuzi na sababu zake

Kugawa kundi Hilma Hooker kulitokana na hesabu, na hesabu yenyewe ni rahisi. Mita 30 shinikizo ni mara nne ya juu. Mtu wa lita 21 kwa dakika anameza lita 84. Akiweka akiba ya bar 50, mtungi wake una lita 1,665 za kutumia, yaani chini ya dakika 20 kwa kina hicho, kabla hata ya kuhesabu kupanda na kusimama mita 5. Cheti chake kilimzuia, lakini hata kisingemzuia, mtungi ungemzuia.

Kugeuka bar 110 kulikuwa kanuni ya kundi: anayeishiwa mapema ndiye anayegeuza wote. Kanuni hii ndiyo iliyowapa hewa ya kungoja nje siku ya nne. Kijana alijitokeza juu akiwa na bar 70 na akatoka na regaleta mdomoni bila hofu. Angejitokeza na 20, dakika saba za kusoma mafungu zisingepatikana kwa utulivu ule.

Kufuta Red Slave kuliwauma wale wa pwani. Sababu ya kiongozi ilikuwa mkondo unaozunguka ncha ya kusini. Ukikushinda hapo unakupeleka bahari kuu. Hata katika siku njema, upepo wa demani unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, kwa hiyo anayejitokeza juu mbali anasukumwa nje. Ndiyo maana kila jozi ilibeba boya la ishara, na ndiyo maana walirudi ufuoni chini ya maji kwa mita 5, si kwa kuogelea juu.

## Matokeo

Mizamo 11 kwa wale wa pwani, 10 kwa kiongozi na kijana, 7 kwa mume aliyebaki na mkewe hadi siku ya sita. Mke aliishia mizamo 6 na alitembea kwa mkongojo wiki tatu. Pezi moja lilipotea. Pikapu haikuibiwa kitu kwa sababu haikuachwa na kitu: madirisha wazi, kabati la mbele wazi, kama wenyeji wanavyoshauri.

## Uchambuzi

Kosa la siku ya nne halikuanzia ufuoni. Lilianzia bendera ziliponing'inia na watu wakafurahi. Mwezi Februari pepo za biashara ni imara, na upepo ukilegea kidogo ni zawadi. Kuanzia Septemba hadi Novemba habari ni nyingine: dhoruba ikipita mbali kaskazini inaweza kuua upepo wa mashariki, kisha kuugeuza, na mawimbi yake yanafika kabla ya upepo wenyewe. Bonaire iko kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga, lakini Lenny wa Novemba 1999 alitembea kinyumenyume, kutoka magharibi kwenda mashariki, na mawimbi yake yakaibomoa miamba ya demani ambayo haikuzoea kupigwa. Omar wa Oktoba 2008 akarudia. Kiongozi alikijua kisiwa, ila alikijua cha Februari.

Dakika mbili za kutazama hazitoshi, kwa sababu mawimbi ya mbali yanakuja kwa mafungu na ukibahatika vibaya unatazama wakati wa mapumziko. Robo saa ndiyo kiasi. Na usitazame urefu tu, hesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi. Vijiwimbi vya upepo wa karibu vinafuatana kwa sekunde nne au tano. Ukihesabu tisa, kumi, na uso wa bahari ni laini, hayo yametoka mbali na yana nguvu usiyoiona mpaka yaguse chini. Kwa maoni yetu, sekunde tisa kutoka magharibi zinatosha kufunga mlango wowote wa vipande vya matumbawe, hata kama wimbi lenyewe linafika gotini.

Na kuna lile neno lililosemwa juu ya ngazi. *Bahari inapumua* ni kipimo kamili cha kile kilichokuwa kinakuja: uso laini, mwili unapanda na kushuka. Aliyelisema aliliona, aliyeambiwa alilielewa, na wote wawili walinyamaza kwa adabu ya wageni mbele ya mwenyeji wao. Kiongozi aliwahi kuwatania siku ya kwanza walipoulizia jedwali la maji. Utani ule uliwafunga mdomo kwenye jambo ambalo walilijua kuliko yeye. Tangu hapo kundi lina desturi kwamba kabla ya kushuka kila mtu, akianza mwenye mizamo michache, anasema kwa lugha inayoeleweka na wote kitu kimoja alichokiona majini.

Kwenye ufuo, mpango wa kutoka ulikuwa mzuri, isipokuwa mpangilio wa watu. Waliowekwa mwisho walikuwa wale ambao mguu wao ndio ulikuwa dhaifu zaidi, na hawakuwa na mtu mzoefu pembeni. Kiongozi aliwaza mizamo, hakuwaza magoti. Kijana mwenye mizamo 9 ana miguu ya miaka 24. Ilitakiwa mke atoke jozi ya pili pamoja na kiongozi, na avuliwe risasi na mtungi wakiwa bado nje ya mawimbi. Kuhusu viatu hakuna mjadala: Bonaire ni soli ngumu inayofunika kifundo.

Orodha ya maeneo nayo iliandikwa upya hotelini usiku wa siku ya tano. Safu ya kwanza ikawa mlango: gati, mchanga, vipande, jabali. Ya pili, mlango wa akiba. Ya tatu, upepo unaoufunga. Umaarufu ukasogezwa hadi safu ya nne. Kwa hesabu hiyo 1000 Steps inabaki kwenye orodha, ila kwa siku ya mashariki imara tu, na Karpata inawekwa baada yake kwa sababu barabara ya kaskazini ni ya njia moja: ukishaipita hurudi nyuma, unazunguka kupitia kijiji cha Rincon. Tangu 2023 kuna safu ya tano, ya ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe magumu. Vifaa vinasuuzwa kwa dawa kabla ya kuhamia mwamba mwingine, na pipa la kusuuzia lazima liwe ndani ya pikapu asubuhi, si hotelini jioni.